Mto Una Maji Kibao, Sasa Mbona Kijiji Kina Giza? Tuongee Umeme Mdogo wa Maji

Machi 2025 Rais Samia alipogusia habari ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, nchi nzima ilibishana. Bwawa la Nyerere si ndo hilo pale Rufiji, megawati 2,115, mitambo 9, sasa Ethiopia tunafuata nini? Na katikati ya ubishi likaibuka kundi la tatu, hilo ndo lililonifanya niandike. Linasema kwani shida iko wapi, nchi imejaa mito, Njombe, Mbeya, Ruvuma, Kilimanjaro, Kigoma, kila kijiji kifunge kamtambo kake mtoni tuachane na nguzo.

Hao wa kundi la tatu hawajakosea kabisa. Ila wengi wao wanaongea kana kwamba ukishakuwa na mto una umeme, na hapo ndo nataka tupaangalie taratibu, manake nimeshaona mtambo mzima, haujaharibika popote, umefungiwa kwenye kibanda na kufuli limeota kutu, huku mto unapita pembeni umejaa tele.

Tuanze na maneno. Kwetu Tanzania mradi wa maji ukiwa hauzidi megawati 10 ndo unahesabika mdogo. Megawati 1 ni kilowati 1,000, na kilowati 1 we ichukulie kama pasi moja ya umeme ikiwa inapata moto. Kwa hiyo Bwawa la Nyerere ni pasi milioni 2 na ushee zimechomekwa kwa mpigo, na mradi mdogo ni kuanzia pasi 10 mpaka pasi 10,000. Ipo na midogo zaidi, ile ya kuwashia taa za nyumba mbili tatu na kuchaji simu.

Halafu kuna kilowati na kuna uniti, na watu wanazichanganya kila siku. Chukulia bomba la mtaani. Unene wa bomba ndo kilowati, yaani linaweza kutoa maji kwa kasi gani. Ndoo ulizojaza mpaka jioni ndo uniti, na hizo ndo unazolipia kwenye LUKU. Pasi ya kilowati 1 ikiwaka lisaa limoja imekula uniti 1. Kumbuka bomba na ndoo, tutazirudia huko chini kwa sababu ndo kiini cha habari yote.

Sasa umeme wenyewe unatoka wapi. Hautoki "ndani ya maji". Wapo wanaodhani mtambo unanyonya kitu kwenye maji, kwamba yakitoka pale hayana nguvu hata ukimwagilia mahindi hayaoti vizuri. Maji yanatoka vilevile yalivyoingia. Kinachochukuliwa ni ule uzito wa maji yanaposhuka, kama gunia linaloteremka kwa kamba na kuzungusha roda. Kwa hiyo vitu viwili tu vinaamua: maji mangapi yanapita kwa sekunde, na yanashuka mita ngapi. Ukikosa kimoja, hicho kingine inabidi kiwe kikubwa kweli kufidia.

Hapo ndo macho yanatudanganya. Mtu akiona mto mpana uliotulia anasema hapa pana umeme, akiona kijito kinaruka mawe kwenye korongo anakidharau. Angalia Nyumba ya Mungu kule Mwanga na Simanjiro, lile bwawa ni kama ziwa, watu wanavua samaki mle miaka na miaka, na mtambo wake ni megawati 8. Nenda Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, bwawa lake ukilinganisha ni dogo tu, ila maji yanashuka kama mita 850, na pale panatoka megawati 180! Kimo kinalipa kuliko upana.

Kwa sababu hiyo miradi mingi midogo haina bwawa la maana. Wachagga wanaujua mfongo, ule mfereji unaochepusha maji juu mlimani na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka shambani. Mradi mdogo wa umeme ni mfongo ulioongezewa bomba na mashine. Juu mtoni unajenga banio la kuchepusha sehemu ya maji, yanaingia mfereji ambao unatembea karibu usawa, hivyo mto wenyewe unazidi kushuka huko chini huku mfereji wako umebaki juu, na hiyo tofauti ndo mali yako. Mwisho wa mfereji kuna tangi ambapo maji yanatulia mchanga ushuke, na chekeche la kuzuia majani, kisha yanaingia bomba linaloshuka moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha mtambo. Yanapiga tabaini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na maji, tabaini inazungusha jenereta, maji yanarudi mtoni. Basi.

Tupige hesabu ya kijijini. Huhitaji mainjinia kwa makadirio ya kwanza, unahitaji chungwa. Ndio, chungwa, kwa sababu linaelea huku limezama karibu lote kwa hiyo linakwenda na maji badala ya kusukumwa na upepo. Tafuta kipande cha mto kilichonyooka cha mita 10, achia chungwa, hesabu sekunde. Tuseme limetumia sekunde 20, hiyo ni nusu mita kwa sekunde, lakini maji ya chini na ya pembeni huwa yanakwenda taratibu zaidi kwa hiyo punguza kidogo, weka 0.4. Mto una upana wa mita moja na nusu na kina cha sentimita 20 kwa wastani. Zidisha vyote unapata kama lita 120 kwa sekunde. Huwezi kuchukua zote, mto lazima ubaki mto, tuseme unachepusha lita 70. Na kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kibanda kuna mteremko wa mita 30.

Kwa mitambo ya kijijini ambayo inapoteza kama nusu njiani, kuna hesabu ya haraka: lita kwa sekunde zidisha kwa mita zidisha kwa 5, jibu ni wati. Yaani 70 mara 30 mara 5, wati 10,500. Sema kilowati 10.

Pasi kumi! Ukiangalia taa za kisasa na redio na simu na televisheni, nyumba 60 zinakaa humo vizuri kabisa. Ukiangalia majiko ya koili ya kilowati 2, ni majiko matano tu na la sita linaangusha kijiji kizima. Na mashine ya kusaga ya kawaida inayotaka kilowati 15 haiwaki hapo, utafute ndogo zaidi. Niliwahi kulala kijiji kimoja nyanda za juu kusini ambako malipo yalikuwa kwa idadi ya taa tu, hakuna mita, na kila saa moja na nusu jioni taa zote zinafifia zinakuwa rangi ya chungwa, watu wanaguna, "nani tena kachomeka pasi?" Kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja, mwisho wakakuta ni pasi ya mwenyekiti wa kamati mwenyewe.

Sasa hapa ndo pagumu, na ndo pale mtambo mzima unapokuja kufungiwa kufuli.

Ule mto haulali. Unatoa kilowati 10 saa 24. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni uniti 7,200. Lakini kijijini watu wanawasha lini? Saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku, masaa manne, baada ya hapo wamelala na mchana wako shambani. Hata kama masaa hayo manne wametumia yote bila kubakiza, ni uniti 1,200. Zile 6,000 zingine zimepita na maji. Tuchukulie uniti ni shilingi 100 ili kurahisisha, mradi ungeweza kuingiza 720,000 kwa mwezi na sasa unaingiza 120,000. Wakati gharama ya banio ni ileile, bomba lilelile, mlinzi yuleyule, na deni la benki halijui kwamba wateja wamelala.

Ni kama kumiliki basi la abiria 60 linaloenda na kurudi mara sita kwa siku halafu linapata abiria safari moja tu ya jioni. Basi ni zima, barabara ni nzuri, na bado unafilisika.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia ana korongo na anataka kufunga mtambo, huwa simuulizi kuhusu maji kwanza. Namuuliza nani atatumia umeme saa 5 asubuhi. Kuna mashine ya kukoboa? Mtu wa kuchomelea mageti? Kiwanda cha chai, kinu cha mbao, kituo cha afya chenye friji la chanjo, mtu wa kukusanya maziwa anayehitaji kuyapoza? Asipokuwa na jibu, mto wake mzuri nauona kama shamba la nyanya lililo mbali na barabara.

Angalia iliyosimama utaona hilo. Mwenga kule Mufindi, megawati 4, ilianza kazi 2012, ipo katikati ya ukanda wa chai, ina mtandao wake wa nyaya unaohudumia vijiji na umeme mwingine inauza TANESCO, shirika la umeme la taifa, kwa hiyo wanakijiji wakilala gridi, yaani mtandao wa nyaya wa nchi nzima, inanunua. Tulila kule Ruvuma ni ya masista wa Kibenediktini wa Chipole, megawati 5 kwenye mto Ruvuma wenyewe, na walipoanza Songea ilikuwa bado haijafikiwa na gridi ya taifa, TANESCO pale ilikuwa inachoma dizeli, kwa hiyo mnunuzi alikuwa tayari na ana kiu. Lumama ya Ludewa ni ndogo zaidi, kilowati 300, na jina lenyewe ni vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi vilivyounganisha herufi, na inaendeshwa kupitia jumuiya ya watumiaji. Hata jirani zetu Kenya, viwanda vya chai vya wakulima wadogo ndivyo vilivyoingia kwenye mitambo midogo kwa nguvu, mmojawapo ni Gura kule Nyeri, kwa sababu kiwanda cha chai kinakula umeme usiku na mchana. Mteja kwanza.

Wateja wakilala kuna tatizo jingine la kiufundi ambalo watu hawaliwazii. Ukiwa unapanda mlima na baiskeli umebeba mtu, halafu akaruka ghafla, miguu yako itazunguka kwa kasi. Mtambo nao hivyohivyo, kijiji kikizima taa kwa pamoja maji bado yanasukuma, mashine inakimbia, volti zinapanda, taa za waliobaki macho zinaungua na televisheni ya mtu inatoa moshi. Kwenye mitambo midogo dawa yake ni kifaa kinachopima mzigo kila wakati na kuupeleka umeme unaozidi kwenye hita iliyozamishwa kwenye maji. Yaani umeme uliokosa mteja unachemsha mto! Ukiona mtambo hauna kifaa hicho wala mtu wa kukaa na valvu mkononi, usichomeke friji lako.

Tukija kwenye maji yenyewe, lile chungwa tulilirusha mwezi gani? Ukipima Machi unajidanganya. Njombe, Iringa, Mbeya mvua zinaisha Aprili Mei, na kufika Oktoba mto ule wa lita 120 unaweza kukuta umebaki robo yake. Mtambo unapangwa kwa maji ya Oktoba, au unakubali tangu mwanzo kwamba miezi mitatu utakuwa na umeme kiduchu na unawaambia watu mapema kabla hawajanunua mafriji. Wataalamu wanataka vipimo vya mwaka mzima na zaidi, wenye mradi wanataka mkandarasi aje wiki ijayo.

Na kiangazi hichohicho ndo watu wa juu wanalima vinyungu, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi, wale wa parachichi wanamwagilia, na mtu kapanda mikaratusi hadi mdomoni mwa chemchemi wakati sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mwenye mtambo yuko chini kabisa, anapokea kilichobaki. Kwa hiyo kazi yake nusu ni umeme na nusu ni diplomasia na watu wa juu ambao pengine nyaya hazijawafikia, na usitegemee mtu akuachie maji ya nyanya zake ili wewe uangalie mpira. Miradi yenye akili inawaunganisha watu wa juu kwanza.

Hapa ndo vibali vinapoingia. Watu wanalalamika mlolongo ni mrefu, na ni mrefu kweli, ila kila kimoja kina sababu yake. Bodi ya Maji ya Bonde inatoa kibali cha kutumia maji kwa sababu mto sio wako, NEMC wanaangalia mazingira, EWURA wanaangalia bei na usalama wa wateja. Mtambo wa chini ya megawati 1 umepunguziwa, hauhitaji leseni kamili kama ya wakubwa. Na tangu 2008 Tanzania ilianza utaratibu wa mikataba ya mfano kwa wazalishaji wadogo kuiuzia TANESCO, ili kila mtu asianze kujadiliana upya na TANESCO kama anayenunua samaki mnadani. Ni kitu kizuri ambacho hakitajwi sana.

Nimesema sababu zipo, nitoe mfano mmoja. Wengi wanasema mradi usio na bwawa kubwa hauna madhara, maji si yanarudi mtoni? Yanarudi, lakini huko chini. Kati ya banio na kibanda kile kipande cha mto kinabaki na maji machache, na kwenye kipande hicho kunaweza kuwa na watu wanachota, ng'ombe wanakunywa, au viumbe hatuvijui. Kihansi ilitufundisha kwa aibu. Chini ya maporomoko kulikuwa na chura mdogo kuliko kidole gumba, hatagi mayai, anazaa, na duniani kote alikuwa anaishi pale tu kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mtambo manyunyu yakakauka. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati nzuri wengine walikuwa wamepelekwa Marekani kwenye hifadhi za wanyama za Bronx na Toledo, wakazaliana huko, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi ambako sasa wanafungiwa vinyunyizio vya bandia. Chura wa Udzungwa alipanda ndege kwenda New York na kurudi kwa sababu ya kipande kifupi cha mto kilichokauka.

Na ile "umeme wa maji ni bure"? Maji ndo bure, tena sio kabisa kwa sababu kibali kina ada zake. Bomba, saruji, nyaya na nguzo vinalipwa mwanzoni kabla uniti ya kwanza haijauzwa, tofauti na jenereta la dizeli ambalo ni rahisi kununua na ghali kulilisha. Halafu kuna mchanga, ambao unaila tabaini taratibu kama msasa, na kuna masika, ambapo mlinzi anaamka saa 8 usiku na tochi mdomoni kwenda kutoa majani kwenye chekeche. Kijiji kinachosema umeme ni bure kwa hiyo tuchangie kidogokidogo tu, siku beringi ikifa wanaanza kupitisha daftari la michango, na mtambo unakaa miezi.

Turudi kwenye ule ubishi wa Ethiopia. Hoja iliyotolewa ilikuwa umbali: umeme unaotoka kusini na katikati ya nchi kwenda Kilimanjaro na Arusha unasafiri mamia ya kilometa, na njiani mwingine unapotea kama joto kwenye nyaya, na ukifika mwisho wa laini umechoka. Ukiishi kule mwisho unajua, saa 2 usiku friji linaguguma na haliwaki. Hapa ndo mradi mdogo una kazi ambayo Bwawa la Nyerere haliwezi kuifanya hata liongezewe mitambo mingine 9: kusukuma umeme kutokea mwisho wa laini badala ya kuusubiri kutoka mwanzo. Anayesema bwawa kubwa limefuta haja ya midogo hajaishi mwisho wa laini, na anayesema midogo ingetosha bila bwawa kubwa ahesabu tu, ya megawati 5 kama Tulila ingetakiwa zaidi ya 420 kulifikia.

Swali ambalo wenye vimtambo huwa wananiuliza kwa wasiwasi ni gridi ikija itakuwaje. Na imekuja kweli, REA, wakala wa umeme vijijini, wamefikisha nguzo kwenye vijiji vyote 12,318, ingawa kijiji kufikiwa ni habari moja na kitongoji chako cha kule ng'ambo ya bonde ni habari nyingine. Nguzo zikifika na kuunganishwa kwa shilingi 27,000, wateja wa kamtambo wanahama, nawaelewa kabisa. Ila kanuni zinamruhusu mwenye mtambo kujiunga na gridi na kuuza kwa TANESCO, na kwa hesabu yetu ya mabasi hiyo ni kupata abiria kwa safari zote sita. Tatizo ni kwamba kamtambo ka kilowati 10 ka kuunganisha na gridi kanahitaji vifaa vya usalama vinavyoweza kuwa ghali kuliko kenyewe, kwa hiyo njia hiyo ni ya wakubwa kidogo, kuanzia mamia ya kilowati. Mdogo kabisa abaki kule nguzo zisikofika, au awe na kinu chake mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye korongo nyuma ya shamba, subiri Oktoba. Nunua machungwa matatu manake moja litakwama kwenye jiwe, pima mara kadhaa, pima na mteremko kwa mpira wa maji wa uwazi au simu ya mtu mwenye programu nzuri, zidisha kwa 5. Halafu kabla hujamtafuta fundi, pita kijijini saa 5 asubuhi uandike kwenye karatasi nani angechomeka kitu saa hiyo. Karatasi ikirudi ina majina mawili, na moja ni la kwako, tafuta sola.